Msitu wa Imenti: Kwa nini mgeni hana budi kujua saa na majira

WANUNUZI wanaofurika katika soko la Gakoromone, mjini Meru, kutafuta ndizi, viazi na kabichi huwa hawako mbali na makazi ya ndovu. Msitu wa Imenti, ambao ni sehemu ya msitu mkubwa wa Mlima Kenya, umepakana na mji huo, na barabara kuu inayoelekea Nanyuki hupita ndani yake.

Kwa sababu hiyo, mgeni wa msitu huu si mtalii pekee. Ni mama anayetafuta kuni, mwanafunzi anayepitia njia ya mkato na vijana wanaokwenda kutazama Ziwa Nkunga mwishoni mwa wiki. Wengi wao wameuzoea msitu kama ua wa nyumbani, na mazoea hayo ndiyo huwafanya wapuuze kanuni zilizowekwa kuwalinda.

Usimamizi wa Mlima Kenya umo mikononi mwa mashirika mawili. Shirika la Huduma za Misitu (KFS) husimamia misitu ya umma, nalo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) husimamia wanyama pamoja na mbuga ya kitaifa iliyoanzishwa mwaka wa 1949. Mlima huo na msitu wake wa asili uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1997.

Saa za kuingia

Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inamkataza mtu yeyote asiye na kibali kuingia au kubaki katika msitu wa umma kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Wasiofungwa na sharti hilo ni pamoja na anayepita kwenye barabara au njia inayotambuliwa, na anayeshiriki shughuli za kitamaduni, kisayansi au za burudani.

Sheria hiyo pia inakataza kuingia sehemu yoyote iliyofungwa, kuwasha moto, na kukata miti, kuvuna asali au kulisha mifugo bila idhini. Anayepatikana na hatia hukabiliwa na faini, kifungo au adhabu zote mbili.

Sharti la saa lina maana yake. Ndovu wanaoishi karibu na binadamu hujificha mchana na kutembea jioni na usiku, hasa mahindi na ndizi zinapokaribia kukomaa mashambani. Anayekatiza msitu gizani huwa anatumia njia moja na mnyama huyo, katika saa ambayo macho ya binadamu hayamsaidii.

Serikali na wahifadhi wamejaribu kutenganisha pande hizo mbili. Mwaka wa 2011 ulifunguliwa ushoroba wa ndovu kutoka Mlima Kenya hadi msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa, ukiwa na njia ya chini kwa chini inayopita chini ya barabara ya Nanyuki kuelekea Meru. Mwaka uliofuata, ujenzi wa ua wa umeme wa kuzingira mlima ulianza.

Hata hivyo, ua humlinda aliye nje. Anayeingia msituni amejiweka upande wa wanyama, na hana budi kuenenda ipasavyo. Anapoona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa punde, inafaa arudi alikotoka. Akimwona ndovu, asimkaribie kumpiga picha wala kupita kati ya mama na mtoto. Dereva naye anatakiwa kusimama mbali, asipige honi, na amwachie mnyama nafasi ya kuvuka.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 imeweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya anayeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo. Lakini madai ya aina hiyo yamejulikana kuchukua muda mrefu kabla ya kulipwa, na hakuna fedha zinazoweza kumrejesha mzazi.

Kiangazi na moto

Hatari hubadilika kadiri mwaka unavyosonga. Kati ya Januari na Machi, nyasi na vichaka vya juu mlimani hukauka, na cheche moja hutosha kuteketeza maeneo makubwa. Moto mkubwa ulizuka katika Mlima Kenya mwaka wa 2012 na tena mwaka wa 2019, nyakati zote mbili msimu wa kiangazi ukiwa umekolea.

Warina asali wanaotumia moshi, wachomaji makaa na wavutaji sigara wanaotupa vipande ovyo ni miongoni mwa wanaoweza kuanzisha mikasa hiyo. Ndiyo maana marufuku ya moto hukazwa zaidi katika miezi hiyo.

Wageni wengi hulalamika njia inapofungwa ilhali wao hawaoni ndimi za moto. Sababu ni kwamba upepo wa mlimani hugeuka ghafla, moshi huziba njia ya kurudi, na moto huweza kuendelea kufukuta ardhini ukidhaniwa umezimika. Isitoshe, wazima moto huhitaji barabara iliyo wazi, na kila mgeni anayepotea huwaondoa kazini wale wanaookoa msitu.

Mvua na baridi

Mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, nazo mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Jina hilo la pili lisimhadae mgeni, kwani upande wa Meru hupata mvua nyingi sana katika miezi hiyo ya mwisho wa mwaka.

Wakati huo barabara za udongo, ikiwemo ile ya kupandia mlima kutoka Chogoria, hugeuka tope na kunasa magari. Mito inayotoka mlimani, kama Kathita, huweza kufurika ghafla ijapokuwa mjini hakujanyesha. Miti mikuukuu nayo huanguka udongo unapolowa, hivyo si busara kupiga kambi chini yake.

Wanaokwenda juu zaidi wana tahadhari za ziada. KWS hairuhusu mtu kupanda mlima peke yake. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, na Lenana, ambacho wapandaji wengi hulenga, mita 4,985. Huko baridi ya usiku hugandisha maji mwezi wowote. Anayeumwa kichwa sana, kutapika au kupepesuka anapaswa kuteremka mara moja, kwani heri nusu shari kuliko shari kamili.

Aidha, tangu Juni 5, 2020, chupa za plastiki na vifaa vingine vya plastiki vinavyotumika mara moja vimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi.

Wazee wa Meru wanaukumbuka ufungaji wa aina nyingine. Mwaka wa 1953, serikali ya kikoloni ilitangaza misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kuwa eneo lililopigwa marufuku ili kuwabana wapiganaji wa Mau Mau. Leo msitu ni mali ya umma, na njia zinazofungwa kwa sababu ya moto au mafuriko hufunguliwa tena hatari inapopita.

Kabla ya kuondoka nyumbani, basi, mgeni anashauriwa kuuliza katika kituo cha KFS au lango la KWS lililo karibu iwapo njia anayokusudia iko wazi. Vilevile amweleze jamaa yake anakokwenda na saa atakayorudi, na ahakikishe ametoka msituni kabla ya giza kuingia.