YAI LA KWANZA NI LA MTOTO

Na Bwana Mifugo

Nyumbani kwako una kuku. Labda unao watatu, labda kumi. Asubuhi wanatoka na kuchakura. Jioni wanarudi. Kuku hao wanataga. Je, mayai yao yanakwenda wapi?

Fikiri kidogo kabla ya kujibu. Mengine yanakwenda gulioni. Mengine anapewa mgeni. Mengine yanaatamiwa. Sasa jiulize tena. Mwanao amekula mayai mangapi mwezi huu?

Mimi ni Bwana Mifugo. Kazi yangu ni kuku, mbuzi na ng'ombe. Kwa miaka mingi nilipofika kijijini niliuliza, "Mna kuku wangapi?" Sikuuliza nani anakula mayai. Siku moja kikapu kidogo kilinifundisha kuuliza.

KIKAPU CHA MAYAI 12

Nilikwenda kuchanja kuku katika kijiji kimoja. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja. Aliishi na mwanawe, mkwewe na mjukuu wa miaka miwili.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuku wako tayari, wamefungiwa tangu jana."

Tulichanja kuku 14. Nilipomaliza, bibi aliingia ndani. Alitoka na kikapu chenye pumba. Ndani ya pumba mlikuwa na mayai 12.

"Mgeni haondoki mikono mitupu," alisema.

Nilishukuru. Nikafunga kikapu kwenye baiskeli. Wakati huo mjukuu wake alikuwa amekaa mlangoni. Vifaranga walipita karibu yake, lakini hakuwatazama. Hakucheza. Hakulia. Nywele zake zilikuwa chache, na rangi yake ilikuwa imegeuka kuwa nyekundu nyekundu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mtu angeweza kusema mtoto amenenepa. Lakini hakunenepa. Huo ulikuwa unyafuzi.

Niliondoka. Nilifika kwenye daraja la mto, nikasimama. Nilitazama kikapu. Nilikuwa nimebeba chakula cha mtoto yule, na nyumbani kwangu watoto wangu walikuwa wameshiba.

Niligeuza baiskeli. Lakini zawadi hairudishwi. Kurudisha zawadi ni kumvunjia mwenyeji heshima. Basi nilimwambia bibi hivi: "Bibi, nimerudi kwa jambo kubwa kuliko kuku. Mjukuu wako ni mgonjwa. Miguu ile si unene. Apelekwe zahanati kesho asubuhi na mapema. Na mayai haya naomba yabaki hapa. Mama yake ale, na mtoto ale akipona."

Bibi alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na mgeni nimpe nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo. Nitalijibu mbele.

Kesho yake baba alimpakia mtoto kwenye baiskeli. Zahanati iliwatuma hospitali. Mtoto alikaa huko wiki kadhaa, akapona. Kumbuka jambo hili: yai halitibu unyafuzi. Mtoto aliyevimba miguu, au aliyekonda sana, apelekwe zahanati mara moja. Kazi ya yai ni kumlinda mtoto asifike huko.

YAI LINA NINI NDANI YAKE?

Chukua yai lenye mbegu ya jogoo. Mwekee kuku aatamie. Baada ya siku 21 anatoka kifaranga. Ana mifupa. Ana damu. Ana macho, moyo na manyoya. Je, vitu hivyo vimetoka wapi? Kuku hakumlisha. Alimpa joto tu. Kila kilichomjenga kifaranga kilikuwa ndani ya yai.

Hiyo ndiyo sababu yai ni chakula kikubwa cha kujenga mwili. Lina protini nzuri. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo, lakini lina kama gramu 5 za protini. Kiini chake kina mafuta na vitamini A ya kulinda macho. Kina pia vitu vinavyosaidia ubongo wa mtoto kukua. Usitupe kiini. Usitupe ute. Vyote viwili ni chakula.

Yai halina vitamini C. Kwa hiyo yai peke yake halitoshi. Ule pia mboga za majani, na matunda kama embe, papai, chungwa au pera. Maharage, karanga na dagaa navyo viendelee kuliwa. Asiye na kuku asikate tamaa. Ampe mtoto dagaa waliosagwa kwenye uji, au maharage yaliyopondwa.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakajadili chakula cha familia. Kazi ile haijaisha. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Ubongo wake pia unaweza kuchelewa kukua. Sehemu kubwa ya madhara hayo huanza tumboni mwa mama, na huendelea mpaka mtoto atimize miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kuyarekebisha.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23. Lilishauri mtoto apate kila siku chakula kinachotokana na wanyama, kama nyama, samaki au yai. Nyama ni ghali. Samaki wako mbali na vijiji vingi. Lakini yai liko uani kwako.

MIIKO YA WAZEE

Katika sehemu nyingi za nchi yetu kuna miiko juu ya mayai. Wengine husema, mama mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Wengine husema, mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi.

Tusiwacheke wazee. Tujiulize walikuwa na sababu gani. Zamani kuku walikuwa wachache. Ugonjwa ulipoingia waliisha wote. Kila yai lililoliwa lilikuwa kuku mmoja aliyepungua. Mtoto aliyeonja yai aliweza kwenda kwenye kiota na kuchukua mengine. Labda mwiko ulisaidia kulinda kiota.

Lakini mwiko haukulinda mwili wa mtoto. Watoto wengi huzaliwa na nywele chache, hata wale ambao mama zao hawakuonja yai. Na mtoto hawi mwizi kwa kushiba. Mama mjamzito anajenga mtu ndani ya mwili wake. Mama anayenyonyesha anatoa chakula kutoka mwilini mwake. Hao wawili wanahitaji yai kuliko mtu mzima mwingine nyumbani, hata kuliko baba.

TUGAWE MAYAI NAMNA GANI?

Watu wengi huniuliza, "Tukila mayai, vifaranga tutapata wapi? Na chumvi tutanunua kwa nini?" Ni swali la haki. Jibu ni kugawa.

Kuku wa kienyeji hutaga kama mayai 12 hadi 15, kisha hutaka kuatamia. Tuseme una kuku wanne, na kila mmoja ametaga mayai 12. Jumla ni mayai 48. Gawa hivi:

Mayai 20 ya kuatamiwa. Waatamie kuku wawili tu, kila mmoja mayai 10.

Mayai 14 ya kula nyumbani.

Mayai 14 ya kuuza.

Mayai ya kuatamiwa yawe yale yaliyotagwa mwisho. Yai lililokaa zaidi ya siku 10 halianguliwi vizuri. Kwa hiyo mayai ya mwanzo ndiyo ya kula na kuuza. Kila siku okota yai, uandike alama kwa mkaa. Weka mstari mmoja kwa wiki ya kwanza, na mistari miwili kwa wiki ya pili. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kuandika tarehe yenyewe.

Na wale kuku wawili wasioatamia? Waweke kwenye tenga lisilo na kiota, lipitishe hewa chini. Wape maji na chakula. Baada ya siku chache hamu ya kuatamia itakwisha. Baadaye wataanza kutaga tena.

Wako watu wanaouza mayai yote, kisha wananunua soda na biskuti za mtoto. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini soda ni maji na sukari. Mtoto amepoteza kitu cha kujenga mwili, akapewa kitu kitamu. Ukitoka gulioni na biskuti, umeuza ng'ombe ukanunua kamba.

KUKU WAKIFA, MAYAI YANAKWISHA

Adui mkubwa wa kuku wetu ni mdondo. Wengine huuita kideri. Ukiingia kijijini unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Hauna dawa ya kuutibu. Una chanjo ya kuuzuia.

Chanjo ni tone moja katika jicho moja la kuku. Rudia kila baada ya miezi 3. Chanja kuku wazima, usingoje waanze kuumwa. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo jiungeni majirani mnunue pamoja. Muoneni Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata yenu.

Jenga banda dogo la kuku nje ya nyumba. Kuku wasilale wanapolala watoto. Mtoto anayetambaa hushika kinyesi cha kuku, kisha hutia mkono mdomoni. Kinyesi hicho huleta maradhi ya tumbo, na tumbo lenye maradhi halifaidi chakula. Zoa kinyesi kila siku, ukipeleke shambani. Ni mbolea nzuri.

KUPIKA YAI LA MTOTO

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Usimpe yai, usimpe uji, wala maji. Akitimiza miezi 6 anza kumpa yai pamoja na vyakula vingine laini. Mama aendelee kumnyonyesha.

Kwanza, pima yai. Litie kwenye bakuli la maji. Likizama na kulala chini ni jipya. Likielea ni la zamani, usimpe mtoto. Yai lenye ufa usimpe mtoto.

Pili, osha mikono kwa sabuni.

Tatu, chemsha yai. Maji yakianza kuchemka, liache dakika 10. Ute na kiini viwe vigumu.

Nne, ponda yai kwa kijiko. Changanya na uji, viazi au ndizi zilizopondwa. Siku ya kwanza mpe kidogo, kama kijiko kimoja cha chai. Ongeza polepole.

Usimpe mtoto wala mjamzito yai bichi. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Watoto wachache hupata vipele, hutapika au huvimba midomo wakila yai. Ikitokea hivyo, acha kumpa, umpeleke zahanati. Akipumua kwa shida, mkimbize mara moja.

JIBU LA SWALI LA BIBI

Bibi aliniuliza, "Na mgeni nimpe nini?"

Nilimjibu hivi: "Bibi, mpe mgeni kiti, maji na salamu njema. Mpe na ugali uliopo. Mtoto akishapata yai lake, na mama yake lake, yakibaki mpe mgeni. Mgeni mwema hatakasirika."

Bibi alitikisa kichwa. Hakuniambia kwamba amekubali. Mila za maisha yote haziachwi kwa siku moja. Lakini nilipopita tena miezi 3 baadaye kwa chanjo, mtoto alikuwa anafukuza vifaranga uani. Bibi alinipa maji ya kunywa na karanga za kuchemsha. Hakutoa kikapu.

Sijapata kupewa zawadi kubwa kama hiyo.

Ndugu msomaji, leo jioni nenda kwenye kiota. Okota yai la kwanza. Usilipeleke gulioni. Lipeleke jikoni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wiki iliyopita kuku wako walitaga mayai mangapi? Nani aliyala?

2. Katika kijiji chenu kuna miiko gani juu ya mayai? Mnadhani ilianzaje?

3. Kuku wenu walichanjwa mdondo lini? Nani atakusanya majirani mnunue chanjo?

4. Mtoto aliyevimba miguu afanyiwe nini?