Taya la Agama Huonyesha Umri Wake

Kule Abuku, wilayani Koboko nchini Uganda, mjusi dume aina ya agama hupanda jiwe lenye jua kali akatikisa kichwa chake chekundu kuwaonya madume wenzake wasimsogelee. Watoto humlenga kwa manati na wakubwa hawawakatazi, kwa kuwa wanaamini ana sumu. Hana sumu hata kidogo. Kinachostahili kuangaliwa ni meno yake.

Mjusi kafiri wa ukutani huotesha meno mapya maisha yake yote. Agama hubadilisha yale machache ya mbele tu, yaliyochongoka kama chonge. Ya pembeni hayana mzizi wala tundu la kukaa. Yameungana na ukingo wa mfupa wa taya, na jino likishalika halina mrithi. Taya linaporefuka, jino jipya huongezwa nyuma kabisa ya safu. Kwa hiyo meno ya pembeni yaliyo mbele ndiyo ya utotoni, madogo na yaliyochakaa kuliko yote, na kadiri unavyorudi nyuma unakuta makubwa, makali, ya juzijuzi.

Akifunga kinywa, meno ya juu hupita nje ya yale ya chini mithili ya mkasi. Hunoana, tena hukwaruza mfupa wa taya la chini hadi kuchonga mifereji ubavuni mwake. Chakula chake ni chungu, mbawakawa na panzi, wote wenye magamba magumu, na mara nyingi mchanga huingia humo humo. Agama mzee hubaki na visiki. Hapo ukingo wa mfupa wenyewe, uliolainishwa kwa kusuguana, hushika kazi ya kutafuna. Kinyonga naye meno yake yameungana na taya hivyo hivyo, na bado tunamkimbia.

Naudhika kuona madarasa yetu yana picha ya meno ya binadamu ukutani huku agama aliyekanyagwa na bodaboda akitupwa kichakani bila mwalimu kumfungua kinywa. Lenzi moja ya mkononi ingetosha shule nzima.

Meno hayo huwasaidia wataalamu kukadiria umri wa mjusi, kutambua visukuku vya taya, kujua bundi amekula nini. Agama mwenyewe akiwa hai hupunguza panzi shambani, na kumbikumbi, na chungu jikoni.