Mshika Mbili wa Kanda ya Dhahabu

Wahenga walituachia neno: mshika mbili moja humponyoka. Lakini huku Usukumani watu wamekuwa wakishika mbili, hata tatu, tangu enzi. Mtu ana pamba shambani, ng'ombe zizini, na kijana wake yuko kwenye maduara ya dhahabu. Kimoja kikikwama, kingine kitamvusha. Juma hili, ndugu msomaji, nataka tujiulize: hivyo viwili ulivyoshika ni viwili kweli, au ni kimoja chenye majina mawili?

Wanaocheza na masoko makubwa ya fedha hulijibu swali hili kwa jedwali la rangi. Hesabu yake hufanywa na kompyuta, lakini maana yake haihitaji kompyuta. Chukua bidhaa nne zinazotugusa: dhahabu, almasi, pamba na dizeli. Ziandike kwenda chini, kisha uziandike tena kwenda kulia. Utapata vyumba 16. Katika kila chumba inaingia namba inayoonyesha jinsi bei mbili zinavyofuatana. Zikipanda na kushuka pamoja daima, namba ni 1. Moja ikipanda kila nyingine inaposhuka, ni hasi 1. Zisipofuatana kwa lolote, ni 0. Kisha hupakwa rangi: nyekundu kwa zinazoshikana, nyeupe kwa zisizojuana, buluu kwa zinazopingana. Vyumba vinne vya mshazari vina 1 tupu, maana hapo bidhaa inajilinganisha na yenyewe. Vile 12 vilivyobaki vinajirudia. Kwa hiyo vya kutazama ni sita tu.

Faida yake nini? Kumbukeni mwaka 2020. Mwezi Aprili mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulisimamisha uzalishaji kwa sababu korona ilivuruga soko la almasi. Ulirejea kazini mwaka 2021. Lakini Agosti hiyo hiyo ya 2020, dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Zote zinatoka ardhini, zote ni mapambo, lakini hazikulia wala kucheka pamoja. Pamba nayo ina njia zake. Machi 2011 ilipita dola 2 kwa ratili katika soko la New York, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya dola 1. Dhahabu ilipanda hadi kiasi cha dola 1,900 Septemba ya mwaka huo huo.

Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Katoro. Ana karasha, ana duka la vifaa, ana gesti. Kwa hesabu ya leseni, biashara ni tatu. Lakini karasha linasaga mawe ya wachimbaji, duka linawauzia wachimbaji, gesti inawalaza wachimbaji. Maduara yakijaa maji au bei ikianguka, zote tatu zinanyamaza siku moja. Jedwali lake ni jekundu kote. Na akiweka gesti dhamana benki ili aongeze karasha la pili, deni na dhamana vimesimama juu ya jiwe moja. Mwenzake mwenye karasha moja na shamba la mpunga anaonekana mdogo, lakini ndiye aliyeshika mbili.

Nawaomba mchunge mambo matatu. Kwanza, pimeni mabadiliko ya bei ya mwezi hadi mwezi, si bei yenyewe. Kwa miaka mingi karibu kila kitu kimepanda kwa shilingi, hivyo hata unga na dhahabu vitaonekana ndugu wa tumbo moja.

Pili, jedwali linasimulia yaliyopita. Katika msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008, dhahabu iliyovuka dola 1,000 mwezi Machi ilishuka kuelekea dola 700 kufikia Oktoba. Machi 2020 pia ilishuka kwa muda pamoja na hisa, kwa kuwa kila mtu alitaka fedha taslimu. Hofu ikitanda, vyumba vyeupe hugeuka vyekundu kwa ghafla.

Tatu, kufuatana si kusababishana. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini hakuna anayedhani jogoo ndiye analivuta jua.

Asiye na kompyuta achukue daftari. Kila Jumamosi aandike mapato ya kila biashara, na baada ya miezi sita atazame: ni wiki zipi zote zilishuka pamoja? Afanye hivyo kabla ya kwenda kukopa, maana ofisa mikopo atahesabu leseni zake, lakini huenda asiulize kama zinaanguka siku moja.

Kwa leo niishie hapa. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.