Jengo la Biashara na Majirani Zake: Maji ya Paa Yanakwenda Wapi?

Maduka, maghala na nyumba za kulala wageni yanazidi kujengwa katika kata nyingi, hasa kandokando ya barabara. Majengo hayo huleta ajira na mapato. Hata hivyo, kila jengo kubwa hubadili mwenendo wa maji na joto katika eneo lake, na mabadiliko hayo huamuliwa mapema, mchoro ungali mezani. Msingi ukishamwagwa zege, marekebisho huwa ya gharama kubwa, na mara nyingi hayafanyiki kabisa.

Jambo la kwanza ni maji ya mvua. Tuseme mfanyabiashara ana kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Kikiwa na nyasi na miti, sehemu kubwa ya mvua hunywea ardhini. Kikishaezekwa safu ya maduka na uwanja wa mbele kusakafiwa kwa saruji, karibu maji yote hutiririka juu. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 40, ambayo si ya ajabu wakati wa masika, huangusha katika kiwanja hicho lita 24,000, sawa na simtanki 24 za lita elfu moja moja. Maji hayo yasipoandaliwa njia, hujitafutia yenyewe, na kwa kawaida huishia kwa jirani wa bondeni: katika ua wake, choo chake cha shimo na kuta zake za udongo. Jirani huyo hakujenga chochote, lakini ndiye anayelipia gharama.

Maji hayohayo yakikusanywa huwa mali. Mifereji ya paa ikielekezwa kwenye tangi la lita 5,000, lililofunikwa vyema ili mbu wasizaliane, maji yake yanatosha kusafisha choo cha kisasa cha lita sita zaidi ya mara 800. Maji ya mwanzo ya mvua yamwagwe kando, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege kutoka juu ya bati. Yanayozidi yaelekezwe kwenye shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe, lichimbwe mbali na msingi na mbali na choo. Uwanja wa magari nao si lazima uwe zege tupu. Vitofali vya kupangwa juu ya mchanga, vyenye nafasi kati yake, huruhusu sehemu ya maji kupenya.

Jambo la pili ni joto. Jua la Tanzania huchoma zaidi kuta zinazotazama mashariki na magharibi, kwa hiyo inafaa pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, na upenu utokeze vya kutosha kuvika madirisha kivuli. Siku hizi imeingia fasheni ya kufunika uso mzima wa jengo kwa vioo. Fasheni hiyo ilishamiri katika nchi za baridi, ambako joto la jua ni neema. Hapa mwenye jengo hununua vioo kwanza, kisha hununua viyoyozi vya kupambana na vioo vyake. Harare, nchini Zimbabwe, lipo jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililobuniwa na msanifu Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996. Halikuwekewa mitambo ya kawaida ya kupoza hewa. Hewa ya baridi ya usiku hupitishwa ndani na kupoza kuta nzito za zege, na mchana hewa ya moto hutoka kwa mabomba ya juu. Wazo hilo lilichukuliwa kwa mchwa na vichuguu vyao.

Kuhusu vifaa, matofali ya kuchoma humaliza kuni nyingi katika tanuri. Matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha, hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha hukomazwa kivulini kwa kumwagiwa maji. Hayahitaji moto, na kwa kuwa hushikana yenyewe, hupunguza saruji ya kujengea. Mchanga nao ununuliwe katika machimbo yenye kibali. Unaochotwa ovyo mtoni hubomoa kingo na mashamba ya watu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi unaohitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira kuifanya kabla ya kuanza ujenzi, na kwa gharama yake mwenyewe. Inakataza pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Si kila duka dogo linaloangukia katika tathmini hiyo, ila pale inapofanyika, wakazi wa jirani wana nafasi ya kutoa maoni. Mkutano wa maoni usichukuliwe kuwa wa kusaini mahudhurio tu. Mkazi aombe kuoneshwa mchoro wa kiwanja, atazame mteremko, aulize maji ya paa yanaelekezwa wapi na maji machafu yanahifadhiwa wapi, na maswali yake yaandikwe katika muhtasari.

Kwa jengo dogo lisilofanyiwa tathmini, mkazi mwenye wasiwasi anaweza kufika kwa Afisa Mtendaji wa Kata au kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni pale kiwanja kinapopimwa na kusafishwa, kabla mitaro ya msingi haijachimbwa.