Makumbusho ya Ndege Yanapotoka Nje ya Uzio wa Kambi

Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, yaliyoko Dayton katika jimbo la Ohio, yalianzishwa mwaka 1923, na kwa miaka mingi yalihifadhiwa katika majengo yasiyoyafaa, kiasi kwamba kabla ya jengo jipya kufunguliwa mwaka 1971 ndege nyingi zilikaa nje zikiharibiwa na jua, mvua na theluji. Hata baada ya hapo, ndege za marais na zile za majaribio, yaani zilizoundwa ili kupima mbinu mpya za urukaji, zilibaki katika mabanda yaliyo ndani ya uzio wa kambi ya Wright-Patterson, ambako mgeni alilazimika kuonyesha kitambulisho na kupanda basi lenye nafasi chache.

Kizuizi hicho kiliumiza, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa ndege ambamo Lyndon Johnson aliapishwa kuwa rais Novemba 1963, saa chache baada ya John Kennedy kuuawa, pamoja na XB-70, ndege kubwa iliyobuniwa kuruka kwa mara tatu ya kasi ya sauti, na ambayo ndiyo pekee iliyosalia kati ya mbili zilizoundwa. Ndege hizo zilivutwa kwa trekta hadi jengo la nne, lililogharimu takriban dola milioni 40 za michango binafsi na kufunguliwa Juni 2016, na sasa yeyote huzitazama bila kiingilio.