Dubu Wanaosubiri Bahari Igande

Wajukuu zangu, mnajua kwamba Afrika iliwahi kuwa na dubu wake? Waliishi kaskazini kabisa, kwenye milima ya Atlas, huko Moroko na Algeria. Watu waliwawinda, misitu yao ikakatwa, na katika karne ya 19 wakatoweka. Tangu hapo bara letu halina dubu wa porini hata mmoja. Simba tunaye, chui tunaye, dubu tulimpoteza.

Duniani wamebaki dubu wa aina nane, na kila mmoja anakaa palipo na riziki yake. Panda yuko kwenye milima ya China inakoota mianzi. Huko India na Sri Lanka kuna dubu mwenye manyoya marefu yaliyotimka, anayebomoa vichuguu kwa kucha na kufyonza mchwa kwa midomo yake. Kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, yuko mwenye mabaka meupe kuzunguka macho. Dubu wa kahawia ndiye aliyeenea kuliko wote: utamkuta Hispania, Urusi, hadi Alaska.

Lakini leo nataka tukae na dubu mweupe, anayeishi juu ya bahari iliyoganda.

Chakula chake kikuu ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi mwilini. Majini sili humshinda dubu kwa mbio. Ila sili hupumua hewa kama sisi, kwa hiyo hutoboa tundu kwenye barafu na kupanda hapo kuvuta pumzi. Dubu hulinusa tundu hilo, akajilaza kando yake, akatulia tuli. Anaweza kungoja saa nzima, hata zaidi. Pua ya sili ikichomoza tu, dubu humdaka kwa makucha na meno, akamvuta juu. Barafu ikiyeyuka, basi, uwindaji wa namna hiyo umekwisha.

Twendeni Churchill, mji mdogo nchini Kanada, kando ya Ghuba ya Hudson. Kila kiangazi barafu ya ghuba huyeyuka yote, na dubu hawana budi kupanda nchi kavu. Huko huishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Ikifika Oktoba na Novemba husogea pwani karibu na mji, maana mito humwaga hapo maji yasiyo na chumvi, nayo huganda mapema.

Wenyeji wamejifunza kuishi nao. Wengi hawafungi milango ya magari kwa ufunguo, ili anayekutana na dubu njiani apate pa kujitupa. Zamani dubu walizoea kula kwenye jaa la taka, hadi likafungwa mwaka 2005. Dubu anayeng'ang'ania kuingia mjini hunaswa na kuwekwa kizuizini. Humo hupewa maji, chakula hapewi, asije akazoea kwamba kwa binadamu kuna kula. Baadaye helikopta humpeleka mbali na mji. Mimi naona watu hao wana busara, kwa sababu kumuua kungekuwa rahisi zaidi.

Jike mwenye mimba ana mtihani mkubwa kuliko wote. Wenzake wakirudi barafuni yeye hubaki, akajichimbia pango ardhini na kuzaa humo katikati ya baridi kali. Mtoto huzaliwa na uzito usiozidi kilo moja. Mama hunyonyesha bila kula chochote, na hutoka na watoto mwezi wa Februari au Machi. Mwenye mimba anaweza kukaa miezi minane bila mlo.

Sasa fikirini: mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa duniani yameongeza joto. Barafu ya ghuba hiyo huyeyuka mapema na kurudi kwa kuchelewa, na siku za njaa zimeongezeka. Wataalamu huwahesabu dubu wa upande wa Churchill kwa ndege. Katika miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa 1,200 hivi. Mwaka 2016 walikuwa 842. Mwaka 2021 wakawa 618. Waliopungua zaidi ni majike na dubu wachanga wanaoanza kujitegemea, na ndiyo maana nina hofu nao, kwani idadi ya madume inaweza kubaki ileile huku wa kuzaa wakizidi kuwa haba.