Diwali Nakuru: Usiku wa Lakshmi na daftari la dukani

Wakazi wengi wa Nakuru huijua Diwali kwa masikio tu. Fataki zinaanza kulia giza likiingia, mbwa wanabweka, watoto wanatoka nje kutazama juu, na mtu anauliza kuna nini leo. Anajibiwa kuwa ni sikukuu ya Wahindi, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa mji uliokua pamoja na Wahindi tangu reli ilipofika mwaka 1900, jibu hilo ni fupi mno.

Diwali huangukia usiku wa giza totoro, mwezi ukiwa haujaandama, kwa hiyo tarehe yake huhamahama kati ya Oktoba na Novemba. Wapo wanaowasha taa kumkumbuka Rama, mwana wa mfalme aliyerudi mjini kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya kuishi msituni na kumshinda Ravana, mfalme wa mashetani. Majaini humkumbuka mwalimu wao Mahavira na ukombozi wake wa mwisho, nao Masingasinga hukumbuka kiongozi wao Guru Hargobind alivyotoka kifungoni katika ngome ya Gwalior. Lakini kwa Wagujarati, ambao maduka yao Kenya inayajua kwa zaidi ya karne moja, mwenye usiku huo ni Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, mke wa Vishnu. Huchorwa akiwa juu ya ua la yungiyungi, sarafu za dhahabu zikimwagika kutoka kiganjani mwake.

Wanaomwabudu huamini kwamba Lakshmi haingii penye uchafu wala penye giza. Ndiyo maana siku kadhaa kabla ya sikukuu nyumba husafishwa hadi uvunguni, vyombo vilivyovunjika vikatupwa, na kizingitini pakachorwa rangoli kwa unga wa rangi. Jioni ikifika, vijitaa vya udongo vyenye utambi wa pamba na samli hupangwa mlangoni na madirishani. Jikoni kuna vitamu vya ladu na barfi, na vitafunio vya gathia na chevda, na sahani huvuka ua kwenda kwa jirani.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote hutendeka juu ya meza ya duka, mbali na macho ya wapita njia. Ni chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Daftari jipya, ambalo kwa desturi huwa na jalada jekundu, hufunguliwa ukurasa wa kwanza. Mwenye duka huchovya kidole katika kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, akachora swastika, alama ya heri ambayo Wahindu waliitumia karne nyingi kabla Wanazi hawajaichafua. Kisha huandika Shri, jina jingine la Lakshmi: mara moja katika mstari wa kwanza, mara mbili katika wa pili, mara tatu katika wa tatu, mpaka maandishi yafanye umbo la piramidi. Kando yake huandika Shubh na Labh, heri na faida. Jani la tambuu, popoo na sarafu huwekwa juu ya ukurasa, zikanyunyizwa punje za mchele na maua, huku akiombwa Ganesh aondoaye vikwazo, na Saraswati mwenye elimu. Siku hizi, risiti zikiwa zinapitia mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya kodi, kompyuta huwekwa pale pale palipokaa daftari, nayo ikatiwa alama nyekundu.

Heri imeandikwa kabla ya faida, na kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha Diwali. Anayelifungua daftari mbele ya mungu wake anakubali kwamba kila atakachokiandika humo kitaonwa. Mshahara wa kijana anayebeba magunia ya unga kutoka stoo umo katika daftari hilo. Makato yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yamo. Wapo waajiri ambao msimu huu huwapa wafanyakazi bonasi na boksi la mithai, na ni desturi njema. Lakini malalamiko ya ujira mdogo na lugha ya dharau katika baadhi ya maduka ya Wahindi tunayajua sote, na boksi la mithai haliyafuti. Nayasema haya nikiiheshimu ibada yenyewe, kwa sababu ibada hiyo ndiyo inayodai hesabu safi.

Historia nayo idai hesabu safi. Husemwa kwamba wenye maduka ni wajukuu wa vibarua wa reli. Lakini sivyo kwa wengi wao. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Ni kama 6,700 tu waliobakia huku. Wagujarati wengi wenye maduka walijileta wenyewe, wakaifuata njia ya reli na biashara. Baadaye sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wasio raia, na wengi wakafunga maduka yao wakahama. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia zaidi ya 170,000 nchini. Ya 2019 ilipata karibu 90,000, raia na wageni pamoja. Wahindu walikuwa 60,287. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii.

Siku zinazofuata huwa za furaha ya wazi. Mwaka mpya wa Kigujarati unapoingia, watu hutakiana Sal Mubarak, vijana huinama kugusa miguu ya wazee, na katika mahekalu ya Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hupangwa annakut, ngazi kwa ngazi za vyakula visivyo na nyama vinavyotolewa kwa Mungu kabla ya kugawiwa waumini.

Sheria ya Kenya inaifanya Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu peke yao, lakini hakuna sheria inayomzuia jirani kubisha hodi. Diwali ya 2026 itakuwa Jumapili, tarehe 8 Novemba. Ukialikwa, nenda, vua viatu mlangoni na usibebe nyama wala pombe. Usipoalikwa, muulize mwenye duka unayemzoea akuonyeshe ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Nawe mwenye duka, mwite huyo kijana wa stoo asimame karibu na meza wakati wa sala. Mwaka unaouombea baraka ni wake pia.